Kujua Pa Kulenga: Elimu ya Kuzuia Jeni na Funzo Lake kwa Visiwa Vyetu

Kila mvuvi wa dema anajua kwamba bahari ina samaki. Elimu hiyo peke yake haimpatii kitoweo. Kinachompatia kitoweo ni kujua mwamba upi, kina kipi na maji ya siku gani. Hali ni hiyo hiyo katika elimu ya tiba tunayokusudia kuizungumza leo, nayo ni elimu ya kuzuia kazi ya jeni kwa vipande vidogo viitwavyo antisensi.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 wataalamu wa elimu hii wamekuwa wakishughulishwa na swali moja, ambalo kwa mtu wa nje huonekana dogo: katika waraka mrefu wa jeni, ni mahali gani hasa pa kulenga ili waraka huo unyamaze? Jibu la swali hilo ndilo lililotenganisha dawa zilizowafaa wagonjwa na vipande vingi vilivyoishia kutupwa.

Tunaliandika jambo hili hapa kwa sababu mbili. Kwanza, maradhi yanayotazamiwa kukabiliwa kwa njia hii, homa ya ini ya aina ya B ikiwa mojawapo, ni maradhi ya watu wetu. Pili, mahali pa kulenga hapajulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kusoma, na kinachosomwa ni kirusi chenyewe na damu ya wagonjwa wenyewe. Watu ambao virusi vyao havijasomwa hawawezi kuwa na hakika kwamba dawa iliyoundwa mbali itapata shabaha ndani ya miili yao.

JALADA NA WARAKA

Ili msomaji atufuate vyema, na tuanze na msingi. Ndani ya seli za mwili mna DNA, ambayo ni mfano wa jalada kuu lililofungiwa ofisini. Jalada hilo limeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na kwa binadamu jumla ya herufi zake ni kiasi cha bilioni 3. Jeni, yaani chembe ya urithi, ni fungu moja la jalada hilo. Jalada lenyewe halitoki ofisini. Kinachotoka ni nakala iitwayo RNA, nayo ni kama waraka unaopelekwa kiwandani. Kiwanda huusoma waraka na kutengeneza protini iliyoagizwa, na protini ndizo zinazofanya takriban kazi zote za mwili.

Herufi hizo zina tabia ya kuoana. A huoana na T, na katika RNA mahali pa T hukaa U. G nayo huoana na C. Kwa kuwa waraka wa RNA ni uzi mmoja usio na mwenzake, mtu akitengeneza kipande kifupi chenye herufi zinazooana na sehemu fulani ya waraka, kipande hicho kitashika pale pale. Hicho ndicho kipande cha antisensi.

Kikisha kushika, moja katika mambo mawili huweza kutokea. Ama kimeng'enya kilichomo mwilini mwetu tangu kuumbwa, kiitwacho ribonukliasi H, huja kuukata waraka mahali ulipoungana na kipande cha namna ya DNA. Ama kipande hukaa juu ya waraka na kuziba mahali, hata wale waliokuwa wakipashika wasipate pa kushika. Njia ya kwanza huuharibu waraka. Njia ya pili huuacha waraka mzima lakini hubadili namna unavyosomwa.

Fikra hii ilionyeshwa kwa vitendo mwaka 1978 na Paul Zamecnik na Mary Stephenson, huko Massachusetts, Marekani. Walitengeneza kipande cha herufi 13 tu, wakakielekeza kwenye RNA ya kirusi cha Rous kinachowaletea kuku saratani, na kirusi hicho kikazuilika kuzaana ndani ya seli za kuku. Inafaa tulizingatie hili: herufi hizo 13 hazikuokotwa ovyo. Zilioana na mpangilio unaorudiwa katika ncha zote mbili za RNA ya kirusi hicho. Tokea siku ya kwanza, basi, ushindi ulitokana na kuchagua mahali.

Ilichukua miaka 20 mpaka dawa ya kwanza ya aina hii, fomivirsen, iliporuhusiwa nchini Marekani mwaka 1998, kwa ajili ya kirusi kilichokuwa kikiwapofua macho wagonjwa wa UKIMWI. Dawa hiyo baadaye iliondolewa sokoni, kwa kuwa dawa bora za UKIMWI ziliwapunguza wagonjwa waliokuwa wakiihitaji. Lakini ilikwisha kuthibitisha kwamba njia inapitika.

WARAKA ULIOKUNJWA

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa herufi zinajulikana na kanuni ya kuoana inajulikana, taabu iko wapi? Na tupige hesabu. Chukua waraka wenye herufi 2,000 na kipande chenye herufi 20. Kipande hicho kinaweza kuwekwa katika mahali 1,981 tofauti, kikisogezwa herufi moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu wa pupa atasema: chagua popote.

Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii methali hiyo imepinduka. Asiyechagua ndiye asiyekuwa mkulima. Sababu ni kwamba waraka wa RNA haukai umenyooka kama karatasi juu ya meza. Herufi zake zinaoana zenyewe kwa zenyewe, na uzi wote hujikunja, hujifunga na kujisokota. Mfano wake ni kamba ya usumba iliyotupwa gatini bila ya kukunjwa vizuri. Baadhi ya sehemu ziko juu na mkono unazifikia. Nyingine zimezama ndani ya mafundo. Juu ya hayo, ndani ya seli kuna protini zinazoukalia waraka na kuzifunika baadhi ya sehemu zake. Kipande cha antisensi kikielekezwa kwenye fundo hakina nafasi ya kushika, hata kama herufi zake zimeoana bila ya kasoro.

Jambo hili lilipimwa waziwazi mwaka 1997 na Natalie Milner, Kalim Mir na Edwin Southern huko Oxford, Uingereza. Walichukua kioo kimoja na juu yake wakapanga vipande 1,938, vya urefu wa kuanzia herufi moja hadi 17, vyote vikioana na herufi 122 za mwanzo za waraka wa jeni ya sungura inayotengeneza sehemu ya himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake. Kisha wakaumimina waraka wenyewe juu ya kioo wauone utashikwa wapi. Matokeo yaliwashangaza: vilivyoshika kwa nguvu vilikuwa vichache mno. Na walipovijaribu vipande hivyo katika kuukata waraka na katika kuzuia utengenezaji wa protini, vile vilivyoshika vyema kwenye kioo ndivyo vilivyofanya kazi. Hapo ikafahamika ni kwa nini maabara nyingi zilikuwa zikijaribu vipande viwili vitatu, zikishindwa, na kudhani kwamba njia yote ni batili. Njia haikuwa batili. Walikuwa wakilipiga fundo.

Zipo namna kadhaa za kuzitafuta sehemu zilizo wazi. Ya kwanza ni hesabu. Mwaka 1981 Michael Zuker na Patrick Stiegler walitoa kanuni ya kuiwezesha kompyuta kukisia namna uzi wa RNA utakavyojikunja, kwa kutafuta mkunjo ulio tulivu kuliko mingine yote. Kanuni za namna hiyo zimeendelezwa sana tangu hapo, na programu zake kadhaa hupatikana bila malipo. Ya pili ni kumwachia ribonukliasi H kazi ya upelelezi: waraka huchanganywa na vipande vya kila namna vilivyopangwa bila mpango, kimeng'enya hutiwa, kisha hutazamwa waraka umekatika wapi. Pale ulipokatika ndipo palipokuwa wazi. Ya tatu ni kutembea juu ya waraka, yaani kutengeneza vipande vingi vinavyofuatana na kukijaribu kimoja baada ya kimoja ndani ya seli zilizo hai.

Hakuna hata moja kati ya namna hizo inayojitosheleza. Hesabu ya kompyuta haizioni protini zinazoukalia waraka. Waraka ulio ndani ya chupa si lazima ujikunje kama ulivyo ndani ya seli. Kwa hiyo kompyuta hupunguza uwanja wa kutafutia, lakini mwamuzi wa mwisho hubaki kuwa seli.

Katika miaka ya mwanzo ilikuwapo imani kwamba mahali bora ni pale kiwanda kinapoanzia kuusoma waraka. Imani hiyo ilikuwa na mantiki: ziba mlango na hapana atakayeingia. Lakini majaribio yameonyesha kwamba mahali pazuri pa kulenga hupatikana katika sehemu yoyote ya waraka, mwanzoni, katikati, mkiani, na hata katika zile sehemu ziitwazo introni, ambazo hukatwa na kutupwa kabla waraka haujatoka ofisini. Mantiki nzuri si badala ya jaribio.

KAZI YA MCHAGUZI

Sasa tuiangalie kazi yenyewe kama inavyofanywa. Mtaalamu kwanza huusoma waraka wote, pamoja na sura zake mbalimbali, maana jeni moja huweza kutoa nyaraka zaidi ya moja. Hapo huamua kama anataka kuzipiga zote au mojawapo tu, na hutafuta sehemu inayolingana na nia hiyo.

Pili, huhakikisha kwamba mpangilio alioulenga haupatikani katika nyaraka za jeni nyingine. Hapa hesabu ya urefu ina maana kubwa. Kipande cha herufi 10 kina mipangilio inayowezekana milioni 1 na kidogo tu, kwa hiyo katika jalada la herufi bilioni 3 mpangilio huo utatarajiwa kutokea mara maelfu. Kipande cha herufi 17 kina mipangilio zaidi ya bilioni 17, na hapo uwezekano wa kulipata jina moja kwa watu wawili hupungua sana. Ndiyo sababu dawa nyingi za aina hii zina herufi kati ya 16 na 21. Kipande kifupi mno hupiga hata wasiohusika.

Tatu, huziepuka herufi zenye hila. Herufi C ikifuatiwa mara moja na G, katika kipande cha namna ya DNA, huweza kuamsha kinga ya mwili kana kwamba bakteria wameingia. Herufi G nne zikifuatana, vipande hushikamana vyenyewe na kung'ang'ania protini zisizohusika. Katika miaka ya 1990 baadhi ya majaribio yaliyodhaniwa kuwa yamefaulu kuzuia jeni za saratani yalikuja kubainika kwamba seli zilidhoofishwa na tabia hiyo ya G, na si kwa sababu waraka ulikuwa umelengwa. Mzinga ulilia, watu wakashangilia, lakini risasi ilikuwa imekwenda kwingine.

Kwa ajili hiyo mtaalamu mwaminifu hawi radhi kuona tu kwamba seli zimebadilika. Hupima waraka umepungua kwa kiasi gani na protini imepungua kwa kiasi gani. Huweka pembeni kipande cha ushahidi, chenye herufi zile zile zilizovurugwa mpangilio, na pia kipande kilichokosewa herufi chache kwa makusudi. Ikiwa kipande kilichovurugwa nacho kinafanya kazi sawasawa, basi dai lote huanguka. Haya ni maadili ya kazi kabla ya kuwa ufundi, nayo yanawahusu wengi kuliko wanasayansi.

Baada ya hapo makumi ya vipande hujaribiwa, na mara nyingine mamia. Vichache vilivyoshinda husogezwa herufi moja huku na moja kule, kwa kuwa hatua ya herufi moja au mbili huweza kuongeza au kuondoa nguvu. Kisha huja wanyama, na hapo huzuka taabu nyingine: waraka wa panya haufanani herufi kwa herufi na wa binadamu, kwa hiyo mara nyingi hulazimu kuwatumia panya waliopandikizwa jeni ya binadamu.

HERUFI MOJA NA UHAI WA WATOTO

Mfano ulio bora wa faida ya kujua mahali ni ule wa maradhi ya kudhoofika misuli kwa watoto, yanayotokana na kufa kwa neva za uti wa mgongo. Mtoto mwenye maradhi haya amekosa jeni iitwayo SMN1. Katika sura iliyo kali kabisa, mtoto hawezi kukaa bila kushikiliwa, na bila ya matibabu wengi hawafiki umri wa miaka miwili.

Binadamu ana jeni nyingine ya akiba, SMN2, inayokaribia kufanana kabisa na ile ya kwanza. Katika fungu lake la 7 herufi C imekuwa T. Aliyesoma chuoni anafahamu kwamba nukta ikihama, ba huwa nun, na neno zima hubadilika. Hapa, kwa sababu ya herufi hiyo moja, mwili unapoukata na kuuunga waraka wa SMN2 mara nyingi huliruka fungu la 7, na protini inayotoka huwa dhaifu na haidumu.

Mwaka 2006 Ravindra Singh na wenzake, katika skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, walitangaza kwamba ndani ya introni inayofuata fungu hilo wameiona sehemu ya herufi 15 inayofanya kazi ya kukataza. Sehemu hiyo ikifunikwa kwa kipande cha antisensi, katazo huondoka na fungu la 7 hurudi katika waraka. Adrian Krainer na wenzake wa maabara ya Cold Spring Harbor, wakishirikiana na kampuni ya Isis ambayo baadaye iliitwa Ionis, waliutembelea waraka huo hatua kwa hatua na kukichagua kipande cha herufi 18 kinacholifunika eneo hilo hilo. Kipande hicho ndicho dawa ya nusinersen, iliyoruhusiwa nchini Marekani tarehe 23 Desemba 2016. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, watoto 51 katika kila 100 waliopewa dawa walipiga hatua katika viungo vyao, na katika kundi lisilopewa hapakuwa na hata mmoja.

Hapa kipande hakikuvunja kitu. Kilifunika mahali padogo, na mwili wenyewe ukaifanya kazi uliyokuwa ukizuiwa kuifanya. Lakini bei ya dawa hiyo ilipotoka ilikuwa dola 125,000 kwa dozi moja, sawa na dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza na dola 375,000 kwa kila mwaka unaofuata. Maofisa wetu wa afya na wa fedha na waisome hesabu hiyo mara mbili. Ujuzi wa mahali pale ulichimbuliwa katika maabara za chuo na za utafiti. Alipouhitaji mgonjwa, ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa.

Aidha, haifai msomaji adhani kwamba kupapata mahali ndiyo mwisho wa safari. Dawa ya tominersen, iliyolenga waraka wa jeni ya maradhi ya Huntington, ilionekana kuipunguza protini iliyokusudiwa katika maji ya uti wa mgongo. Hata hivyo mwezi Machi 2021 utoaji wa dawa hiyo katika jaribio kubwa ulisimamishwa, kwa kuwa wagonjwa hawakuonekana kunufaika. Shabaha ilipigwa, lakini nafuu haikuja. Elimu hii haina ahadi za bure.

HOMA YA INI YA AINA YA B

Sasa tuje nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini ya aina ya B isiyokwisha, na kati yao milioni 65 walikuwa katika kanda ya Afrika. Katika mwaka huo watu milioni 1.1 walikufa kwa maradhi hayo, wengi wao kwa kusinyaa ini au saratani ya ini. Chanjo ipo nayo hukinga vizuri, lakini haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Dawa za vidonge zilizopo hukituliza kirusi, na kwa wengi ni za kumezwa kwa miaka mingi.

Kirusi hiki ni kidogo mno. Jalada lake lina herufi kiasi cha 3,200 tu, na kwa ubahili wa nafasi jeni zake zimepandana juu ya nyingine. Kinatoa nyaraka kuu nne za urefu mbalimbali, lakini zote huishia mahali pamoja. Mchaguzi hodari akiliona hilo hutambua mara moja kwamba akilenga katika eneo lililo la pamoja, kipande kimoja kitazipiga nyaraka zote nne. Ndivyo ilivyoundwa dawa ya bepirovirsen, yenye herufi 20. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2022, kati ya wagonjwa waliopewa kipimo kikubwa kwa wiki 24, kiasi cha 9 hadi 10 katika kila 100 walionekana kutokuwa na alama ya kirusi katika damu hata miezi sita baada ya dawa kusimamishwa. Idadi hiyo ni ndogo. Lakini kwa maradhi ambayo kwa kawaida hayaondoki ni jambo la kutiliwa maanani.

Hapo hapo liko onyo. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakijaribu dawa ya jamaa wa antisensi, yaani vipande vya RNA vyenye nyuzi mbili, walitangaza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa na sokwe dawa yao ilikuwa na nguvu ndogo kuliko walivyotazamia. Walipochunguza waligundua kwamba sehemu ya jalada la kirusi ilikuwa imejipachika ndani ya DNA ya mwenye ini, na katika kujipachika huko kipande cha mwisho kilikuwa kimepotea. Na kipande hicho ndimo shabaha ilimokuwamo. Walipoielekeza dawa kwenye sehemu nyingine iliyobaki, ikafanya kazi. Dawa haikuwa mbovu. Mahali ilipotumwa hapakuwapo tena.

Funzo hili linatuhusu moja kwa moja. Kirusi cha homa ya ini ya B kina aina kadhaa zinazotofautiana kwa herufi, na zimegawanyika duniani kwa maeneo. Katika Afrika ya Mashariki aina iliyo nyingi ni A. Yule anayeunda dawa huchagua mahali ambapo aina zote zinafanana, lakini anaweza kulinganisha zile tu ambazo herufi zake zimesomwa na kuandikwa. Hali ya jeni za binadamu ni kama hiyo. Hesabu iliyofanywa kwa tafiti za kulinganisha jeni na maradhi hadi mwaka 2018 ilionyesha kwamba watu 78 katika kila 100 waliohusishwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa 2 tu. Ilhali tofauti za herufi baina ya watu ni nyingi zaidi Afrika kuliko kwingineko. Herufi moja ikitofautiana katikati ya shabaha, nguvu ya kipande hupungua.

WAJIBU ULIO MBELE YETU

Tunasema nini basi? Hatusemi kwamba visiwa vyetu vijenge kesho kiwanda cha dawa za antisensi. Tunasema mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, virusi vya watu wetu visomwe na herufi zake ziandikwe katika kumbukumbu za dunia, kwa idhini ya wagonjwa na kwa kuzihifadhi siri zao. Isidhaniwe kwamba kazi ya maabara ni ya watu wa mbali. Huko Wawi, kisiwani Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri imekuwapo tangu mwaka 2000, na uchunguzi uliofanywa huko juu ya kichocho na minyoo umesomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kisiwa kinachoweza kuuhesabu mnyoo kinaweza kujifunza kukisoma kirusi.

La pili ni skuli. Kazi ya kutafuta mahali pa kulenga huanza na hesabu, biolojia na kemia, na hatua yake ya kwanza hufanyika kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu zisizouzwa. Kijana wetu aliyefundishwa vizuri anaweza kuutazama waraka wa kirusi ukijikunja mbele ya macho yake, na akauliza maswali yale yale yanayoulizwa Oxford. Anachohitaji ni mwalimu, umeme usiokatika ovyo, na mkubwa wa kazi asiyemwona kuwa anapoteza wakati.

La tatu linawahusu maofisa. Inapoletwa dawa mpya ya aina hii, au unapoletwa ombi la kuijaribu kwa wananchi wetu, maswali ya kuuliza sasa yanajulikana. Shabaha yake iko wapi? Imelinganishwa na virusi vya nchi zipi? Je, na vya kwetu vimo? Na iwapo damu ya watu wetu itasaidia kuipata dawa, watu wetu wataipata kwa bei gani? Ofisa asiyeyauliza haya kabla ya kutia saini atayaulizwa na wananchi baadaye, wakati majibu hayana faida tena.

Wakati hayo yakiendelea, ngao iliyopo isiachwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini ya B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Hapo hapana siri ya kutafuta. Mahali pa kulenga panajulikana, nako ni chumba cha wazazi katika kila hospitali na kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, usiku na mchana. Mzazi na apime, mtoto na achanjwe, na anayehusika na kuzifikisha chanjo vijijini ahakikishe kwamba hazikosekani.